Faru Amezunguka Nchi Tatu, Wewe wa Sengerema Je?

Ndugu msomaji, ukipita Arusha, na mara mojamoja hata hapa Mwanza, utaliona lori refu lililogeuzwa kuwa basi, limebeba mahema, masufuria, viti vya kukunja na wageni kumi na watano au ishirini waliovaa kofia pana. Lori la namna hiyo ni sehemu ya biashara kubwa ya safari za kuongozwa, ambazo huvuka nchi kadhaa kwa mkupuo mmoja ili wageni wakawatazame wanyama wa porini. Miongoni mwa zilizo maarufu ni ile ya kusini mwa Afrika. Wageni hukutanishwa mjini Cape Town, hupanda kaskazini hadi Namibia kuwatazama tembo na simba wakinywa maji visimani huko Etosha, huingia Botswana kupanda mitumbwi katika vinamasi vya Okavango, hutazama makundi ya tembo kando ya mto Chobe, na baada ya majuma matatu hivi huagana kwenye maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yale ambayo wakoloni waliyabandika jina la malkia wao Victoria.

Serikali za huko zimeisaidia biashara hiyo. Tarehe 18 Agosti 2011, mjini Luanda, nchi za Angola, Botswana, Namibia, Zambia na Zimbabwe zilitia saini mkataba wa kuziunganisha hifadhi zao zilizo katika mabonde ya mito Okavango na Zambezi. Eneo hilo ni kama kilomita za mraba 520,000, yaani zaidi ya nusu ya Tanzania nzima. Tembo anayetoka Botswana kwenda kula Zambia haulizwi pasi.

Hatukusudii kukutuma Cape Town. Mshahara wa mwalimu au wa karani wa ushirika tunaujua. Tunachotaka leo ni kukukumbusha kwamba wewe unayekaa Sengerema umekaa katikati kabisa ya safari ya namna hiyo hiyo. Mashariki yako, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, iko Serengeti, ambayo imeshikana na Maasai Mara ya Kenya. Magharibi yako kiko kisiwa cha Rubondo, kisha pori la Burigi, na ukivuka mto Kagera unafika Akagera ya Rwanda. Nchi tatu, na wewe katikati. Tena baadhi ya wanyama wa pande zote hizo si wenyeji wa pale walipo. Wamesafirishwa kwa meli, kwa malori na kwa ndege, wakiwa ndani ya masanduku ya mbao, kwa gharama ambayo hakuna mtu wa Sengerema aliyewahi kugharimiwa ili akatembee. Na baadhi ya watu wa kwetu walihama makwao ili kuwapisha.

Aliyempisha mgeni nyumbani kwake ana haki ya kwenda kumtazama mgeni huyo, na kuuliza habari zake.

DARAJA NA KISIWA CHA MZEE SAANANE

Kwa miaka mingi kikwazo cha kwanza cha mtu wa Sengerema kilikuwa maji. Ilikupasa ufike Busisi, upange foleni, usubiri kivuko, uvuke hadi Kigongo, na siku ya msongamano kungoja peke yake kulikula saa mbili. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alilifungua daraja la Kigongo–Busisi, lililopewa jina la Rais wa Awamu ya Tano, Hayati John Pombe Magufuli. Lina urefu wa kilomita 3 na sasa ghuba huvukwa kwa dakika chache tu. Mengi yamesemwa juu ya faida za daraja hili kwa wagonjwa na kwa wafanyabiashara wa samaki. Sisi twaongeza moja ambayo haikusemwa sana: baba, mama na watoto wanaweza kuondoka Sengerema alfajiri na kuwa katika lango la Serengeti kabla ya jua la saa sita.

Lakini usikimbilie Serengeti kabla ya kusimama Mwanza mjini. Pale Capri Point kuna mashua ambazo kwa muda mfupi tu hukufikisha kisiwani Saa Nane. Watu hudhani jina hilo ni la saa ya alasiri. La, ni jina la mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa na makazi kisiwani humo kabla hakijachukuliwa. Mwaka 1964 palianzishwa pale bustani ya wanyama, ya kwanza katika nchi yetu. Pakawa pia kama stesheni: wanyama waliokusudiwa kupelekwa Rubondo walipumzishwa pale kwanza. Mwaka 1991 kikawa pori la akiba, na mwaka 2013 kikawa Hifadhi ya Taifa. Ni hifadhi ndogo mno, kilomita za mraba 2.18 pamoja na maji yake, na mtu anaweza kuizunguka kwa miguu. Utawaona pimbi wakiota jua juu ya majabali, swala pala, tumbili, na yule mjusi wa mawe ambaye dume lake lina kichwa na kifua chekundu na mwili wa buluu. Wataalamu wa viumbe wamempa jina la kisayansi lenye neno Mwanza ndani yake. Watoto hupenda kuambiwa hivyo.

NDABAKA

Kutoka Mwanza barabara ya Musoma hupita Kisesa, Magu na Lamadi, na baada ya kilomita 140 hivi, upande wako wa kulia, liko lango la Ndabaka. Watu wa mabasi ya Musoma wamelipita mara mia na wengi hawajapata kugeuza shingo. Lango hilo huingia sehemu ya magharibi ya Serengeti, ukanda mrefu ambao humfuata mto Grumeti kuelekea katikati ya hifadhi. Serengeti ina kilomita za mraba 14,763 na ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1951. Mwaka 1959 Wamaasai waliokuwa wakiishi ndani yake walihamishiwa Ngorongoro. Jambo hilo lafaa kukumbukwa pia mtu anapostaajabia upana wa nyika ile isiyo na nyumba.

Nyumbu zaidi ya milioni moja huzunguka humo mwaka mzima wakifuata mvua na majani mabichi. Huzaa katika nyanda za kusini kati ya Januari na Machi. Mei na Juni makundi yao hufika upande huu wa kwetu, katika bonde la Grumeti, ambako mamba wakubwa huwangojea. Kuanzia Julai huvuka mto Mara na wengi huingia Kenya, halafu mvua za vuli zikikaribia hurudi.

Hapa pana kisa ambacho wazee watakikumbuka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa. Malori hayakupita, ndugu hawakutembeleana, na magari ya watalii yaliyokuwa yakitoka Nairobi, yakala chakula cha mchana Seronera na kurudi na fedha zao Nairobi, yakazuiwa. Mpaka ulipofunguliwa tena mwaka 1983, njia ya Bologonja iliyounganisha Serengeti na Mara haikurudishwa kwa watalii. Mtu atakaye kuziona mbuga zote mbili hulazimika kuzunguka hadi Sirari. Nyumbu peke yao ndio walioendelea kuvuka miaka yote hiyo bila kugongewa muhuri. Yamkini huu ndio umoja wa Afrika Mashariki ambao haukuvunjika hata siku moja.

FARU ALIVYOZUNGUKA

Tumekuahidi habari za faru, na hii ndiyo sehemu ambayo tungependa uwasomee watoto.

Mwaka 1961 na 1962 faru weusi saba walitolewa Kenya wakapelekwa katika hifadhi ya Addo, Afrika ya Kusini. Walikuwa faru wa jamii ya Afrika Mashariki, ambayo ni tofauti kidogo na jamii ya kusini. Wakati huo hakuna aliyeona kwamba ni jambo kubwa, kwa kuwa huku kwetu faru walikuwa wengi. Kisha ikaja miaka ya 1970 na 1980. Pembe ya faru ilitafutwa huko Yemeni kwa ajili ya mipini ya majambia, na katika nchi za Mashariki ya Mbali kwa ajili ya dawa. Majangili wakaingia na bunduki za kivita. Katika Serengeti faru walikaribia kumalizika kabisa. Serikali iliendesha Operesheni Uhai kuanzia mwaka 1989, ikiwashirikisha wanajeshi, polisi na askari wa wanyamapori, na ujangili ukapungua. Lakini faru hazai kama panya. Jike hubeba mimba miezi kumi na mitano, huzaa ndama mmoja, na hukaa naye miaka miwili au zaidi kabla ya kuzaa tena.

Wakati huo wote wale saba wa Addo walikuwa wakizaana kimya kimya katika nchi ya makaburu. Watanzania tulikuwa na msimamo mkali juu ya utawala ule, na hakukuwa na mazungumzo ya kuomba mnyama wala kitu kingine. Baada ya ubaguzi kuondolewa mwaka 1994 mlango ukafunguka. Mwaka 1997 faru wanne kutoka Addo waliletwa Mkomazi. Mwezi Mei 2010 wengine watano wakaruka kwa ndege kutoka Afrika ya Kusini, na Rais Jakaya Kikwete mwenyewe akafika Serengeti kuwapokea. Ikawa ni wajukuu na vitukuu wa faru wa Afrika Mashariki, waliozaliwa ugenini, wamerudi katika ardhi ya mababu zao baada ya nusu karne. Desemba mwaka ule ule mmoja wao aliuawa na majangili.

Msomaji atajiuliza: je, mnyama aliyesafirishwa kwa ndege, akapokewa na Rais na kulindwa usiku na mchana, anauawaje katika miezi saba? Ni swali zuri. Ukifika pale, muulize mwongozaji wako. Ukiuliza kama mwananchi utajibiwa tofauti na anavyojibiwa mtalii, maana mtalii huambiwa yanayofurahisha.

Habari haikuishia Serengeti. Mwaka 2017 faru wengine kumi na wanane wa ukoo huo huo walisafirishwa kutoka Afrika ya Kusini hadi Akagera, nchini Rwanda. Tutafika huko, lakini kwanza turudi nyumbani, tuvuke daraja tena, tupite Sengerema na Geita, twende kisiwani.

RUBONDO: WATU WALITOKA, SOKWE WAKAINGIA

Rubondo ni kisiwa kikubwa chenye msitu mnene, katika kona ya kusini magharibi ya ziwa letu. Hifadhi nzima, pamoja na maji na visiwa vidogo, ina kilomita za mraba 457 hivi. Mtu wa Sengerema hufika kwa kupitia Geita na Chato hadi mwalo wa Kasenda, Muganza, na kutoka hapo ni nusu saa kwa mashua.

Zamani kisiwani humo walikaa watu: wakulima na wavuvi, Wazinza, ndugu wa hawa hawa tulio nao Sengerema na Buchosa. Kilipofanywa pori la akiba mwaka 1965 walihamishiwa visiwa vya jirani na bara. Maisome ni jirani wa karibu, na ipo Buchosa. Kama una rafiki mwenye asili ya huko, huenda babu yake alizaliwa Rubondo na kuacha makaburi ya wazazi wake chini ya miti ambayo leo mgeni huipiga picha. Sisi hatupingi hifadhi. Lakini haifai ukumbi wa wageni uwe na picha za kila ndege wa kisiwa, halafu wale waliokuwa wenyeji wake wakae bila kutajwa.

Baada ya watu kutoka, wakaingizwa wanyama. Nia ilikuwa kukifanya kisiwa kuwa mahali pa salama, kana kwamba ni safina, kwa wanyama waliokuwa wakiwindwa sana bara. Faru kumi na sita waliletwa mwaka 1964 na 1965. Wakaletwa twiga, mbega weupe na weusi, na baadaye, mwaka 1972 na 1973, tembo sita. Faru walimalizwa na majangili, maana maji hayamzuii mtu mwenye mtumbwi na bunduki. Twiga, mbega na tembo wakastawi.

Ajabu zaidi ni sokwe mtu. Kati ya mwaka 1966 na 1969 Profesa Bernhard Grzimek, Mjerumani aliyekuwa mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, alileta sokwe kumi na saba kwa awamu nne. (Huyu ndiye aliyefanya sensa ya wanyama wa Serengeti kwa ndege pamoja na mwanawe Michael, aliyekufa katika ajali ya ndege hiyo Januari 1959 na kuzikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro.) Sokwe hao walikuwa wamekamatwa wadogo huko Afrika Magharibi, wakauzwa Ulaya, wakaishi katika vizimba, wengine kwa miaka kadhaa. Hawakujua kujenga kitanda cha matawi. Hawakujua tunda lipi huliwa na lipi ni sumu. Walisafirishwa kwa meli, wakafunguliwa masanduku ufukweni, na kuachwa.

Watu wengi walidhani wangekufa wote. Kwa miezi kadhaa baadhi yao waliendelea kuwafuata watu wakitafuta chakula, na madume mawili yaliyowashambulia watu yalipigwa risasi. Waliobaki wakajifunza. Wakala matunda ya msitu, wakajenga vitanda, wakazaa. Watoto wao hawakuwahi kuona kizimba, wakawa wanyama wa porini hasa, wenye kuwakimbia binadamu. Sasa kazi imegeuka. Askari na wataalamu wa hifadhi huwafuata siku baada ya siku ili kuwazoesha tena kuonana na wageni bila woga. Kama hilo si kichekesho, basi hatujui kichekesho ni nini: mababu walikuja wakimfuata mtu kila aendako, na wajukuu wanabembelezwa wasimkimbie.

Mwaka 2000 kasuku wa kijivu waliokamatwa katika magendo waliachiliwa kisiwani humo, kwa hiyo leo hata sauti zisikikazo angani si zote za wenyeji.

Wenyeji hasa ni wale wa maji na matete. Nzohe ni wa kwanza, swala mwenye kwato ndefu zilizopanuka, ambazo humwezesha kutembea juu ya matope bila kuzama. Akitishwa hujificha majini akaacha pua peke yake nje. Wapo pia pongo, kiboko, mamba, fisi maji na furukombe. Chini ya maji wapo samaki, na hapa mtu wa Sengerema ana faida yake ya moja kwa moja, ingawa haioni kwa macho. Uvuvi umekatazwa katika maji ya hifadhi, na sato na sangara huzaliana humo kwa amani, kisha hutoka wakaingia katika nyavu zetu. Mvuvi hulalamika akikamatwa ndani ya mpaka wa hifadhi. Ndiyo, adhabu yake ni kali. Lakini samaki aliyemvua nje ya mpaka mwezi uliopita huenda alikulia ndani.

Tusifiche upande wa pili. Mamba wa ziwa hili wamewajeruhi na kuwaua watu katika fukwe za Buchosa, wengi wao wakiwa wanawake na watoto waliokwenda kuchota maji au kufua. Kiboko hula mpunga na viazi usiku mmoja akamaliza kazi ya msimu mzima. Serikali hutoa kile kiitwacho kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyefiwa au kujeruhiwa. Majina yenyewe yanakiri kwamba si fidia. Kwa mwananchi wa namna hiyo mnyama si picha ya kalenda. Ndiyo maana haipendezi kumhubiria uzuri wa wanyama kabla hajachimbiwa kisima.

NG'AMBO YA KAGERA

Ukiendelea magharibi kupitia Biharamulo utapakana na Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019, yenye kilomita za mraba zaidi ya 4,700. Bado ni changa na wageni wake ni wachache, basi tusikae sana. Barabara huenda hadi Ngara na Rusumo, kwenye maporomoko ya Kagera, na hapo mpakani ofisi za nchi mbili hufanya kazi pamoja. Ukivuka daraja, magari huhamia upande wa kulia wa barabara. Mwambie dereva mapema.

Akagera ilianzishwa na Wabelgiji mwaka 1934. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walirudi kutoka uhamishoni, wengi wao kutoka huku kwetu na Uganda, wakiwa na ng'ombe wao. Hawakuwa na pa kukaa. Mwaka 1997 Serikali ya Rwanda ilikata sehemu kubwa ya hifadhi ikawagawia. Simba walitegewa sumu kwa kuwa walikula ng'ombe, na wakaisha. Faru wa mwisho alionekana mwaka 2007. Kisha, mwaka 2010, Serikali iliingia ubia na shirika la African Parks. Mwaka 2013 ukakamilika uzio wa kilomita 120 hivi upande wa magharibi, ili simba na ng'ombe wasikutane tena. Simba saba wakaletwa kutoka Afrika ya Kusini mwaka 2015, na faru kumi na wanane tuliowataja wakafuata mwaka 2017.

Sasa linganisha, ndugu msomaji. Rubondo watu waliondolewa, wanyama wakaingizwa. Akagera wanyama walinyang'anywa ardhi, wakapewa watu, na kwa sehemu iliyobaki pakajengwa uzio. Mambo yote mawili yamefanyika katika nchi zilizo jirani, na kila moja limeacha watu wanaoridhika na watu wanaonung'unika. Anayeziona mbuga zote mbili katika likizo moja atakuwa na la kusema katika mkutano wa kijiji au katika baraza la wafanyakazi kuliko yule aliyesikiliza redio tu.

MAMBO YA KUSHIKA

Safari yote kwa pamoja ni nzito kwa mfuko wa familia, nasi hatushauri uifanye mara moja. Igawe vipande. Mwaka huu Saa Nane na Ndabaka, mwakani Rubondo, na Rwanda mkijaliwa. Watu ishirini wa ofisi moja, au wanachama wa chama cha akiba na mikopo, wakichangia mwezi kwa mwezi, hukodi basi dogo na mwongozaji kwa bei ambayo mtu mmoja hawezi kuifikia. Raia hulipa kiingilio kwa shilingi, na kiasi chake ni kidogo mno kikilinganishwa na dola anazotozwa mgeni. Watoto walio chini ya miaka mitano hawalipi. Beba kitambulisho cha taifa, la sivyo hutakuwa na cha kuonyesha kwamba u raia. Malipo hufanywa kwa namba ya malipo ya Serikali au kwa kadi, na wengi wamekwama langoni na noti zao mkononi. Uliza pia kibali chako kinaisha saa ngapi. Kwa Rwanda utahitaji pasi, au hati ya dharura ya safari itolewayo na Idara ya Uhamiaji.

Usiwavike watoto nguo za buluu wala nyeusi. Mbung'o huzipenda rangi hizo, na mitego ya vitambaa utakayoiona imening'inia porini imeshonwa kwa rangi hizo hizo kwa sababu hiyo. Mbung'o wa ukanda wa Grumeti huuma kupita hata kwenye shati. Chakula beba cha kutosha, na mabaki usimtupie nyani, maana nyani aliyezoea kulishwa leo kesho ataingia ndani ya gari kwa nguvu. Usishuke garini mpaka uambiwe. Kisiwani usiogelee.

Mwongozaji naye mtumie. Wengi wetu tukimpata mwongozaji hukaa kimya kama tuko kanisani au msikitini, tukaona aibu kuuliza kwa kudhani ni mambo ya Wazungu. Mtu huyo amesomea kazi yake, tena aghalabu ni kijana wa Kisukuma, Kikurya au Kizinza ambaye amechoka kusema kwa lugha za kigeni siku nzima. Mwambie akupe majina ya wanyama kwa lugha yako. Mwulize kijiji gani kilikuwa hapa zamani. Mwulize fedha za kiingilio huenda wapi na shule ya jirani imepata nini.

Kwenda Rubondo, ondoka Kasenda asubuhi, wakati ziwa limetulia. Kwenda Ndabaka, kumbuka kwamba nyumbu huwa katika bonde la Grumeti mwezi Mei na Juni, na shule zetu hufungwa mwezi Juni.